Ada ya Mtoto wa Marehemu

Kwanza nilisikia mabuti. Mwanga ulikuwa bado, ukungu umelala juu ya miiba ya boma letu, na huko nje chuma kiligonga jiwe, kikapotea kwenye vumbi, kikagonga tena. Nilikuwa nimelala ndani ya nyumba ya wanawake, mgongo wangu umegusa ubavu wa mama, na upande wake wa pili mdogo wangu wa kiume alikuwa ananyonya huku amesinzia. Bila kufumbua macho nilijua kwamba anayekuja si mtu wa kwetu. Watu wa kijiji chetu cha Gehandu walivaa ndala za ngozi ya ng'ombe, na ngozi inapokanyaga ardhi haijitangazi. Mabuti yalikuwa ya serikali. Kila yalipokuja, ng'ombe walipungua au mtu alichukuliwa.

Mkono wa bibi ukanitafuta gizani.

"Ingia nyuma ya ngozi," alininong'oneza. "Na mdogo wako umfunike. Wasijue mko wangapi."

Bibi, mama yake baba, hakuwahi kumtajia mgeni idadi ya kitu chochote kilicho hai. Ukimwuliza ana wajukuu wangapi alijibu, "Wapo." Ukimwuliza mara ya pili alianza kukutazama mikono, kana kwamba umeficha kamba.

Nje baba mkubwa alikuwa amekwisha kutoka. Huyu alikuwa kaka yake baba, na ndiye mkubwa wa boma. Nilisikia fimbo yake ikikita ardhini.

"Nani anakuja na viatu vya kodi asubuhi hii?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Unanijua, mzee. Nimekula kwako."

Kisha baba mkubwa akacheka, kicheko kifupi kisichomkaribisha mtu. "Kumbe wewe! Hebu sogea nikuone. Miaka yote unakuja peku kama mwizi wa kuku, leo umekuja jeshi zima."

"Ni vile vile nilivyovaa Bama, mzee."

"Ungeviacha hukohuko na mwenzako."

Mwenzake alikuwa baba yangu.

Mtu huyu mwenye mabuti alikuwa mkulima wa Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang, mahali ambapo mahindi na maharage huota bila kubembelezwa. Wakati wa vita yeye na baba walipakiwa katika lori moja, wakafundishwa bunduki kambi moja, wakapanda meli moja kwenda Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Mmoja alirudi. Ndiye aliyekuja kueleza kwamba mwenzake alikufa wakivuka mto, mvua ikinyesha, na kwamba hakuweza kurudi nyuma kumfunika. Tangu mwaka ule, kila baada ya mavuno, alikuja bomani kwetu na punda aliyebeba gunia la mahindi. Alilishusha langoni, akapewa maziwa, akanywa amechuchumaa, akaondoka. Hakuna aliyemwomba mahindi yale na hakuna aliyemshukuru sana. Mama alikuwa akipokea gunia bila kumtazama usoni, na mimi, kwa kuwa nilimtazama mama siku zote, niliona kwamba hamtazami.

Lazima nieleze jambo ambalo kwetu halikuhitaji kuelezwa. Baba alifia Bama kabla mimba yangu haijatungwa. Kwa watu wa kwetu, ambao wageni waliwaita Wamang'ati, hilo halikuwa na ajabu yoyote. Ng'ombe waliomleta mama katika boma lile walitoka zizini kwa baba, kwa hiyo mama alikuwa mke wa baba, akiwa hai au akiwa amekufa, na kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile alikuwa wa baba. Mjane hakuolewa tena. Hakuna aliyemwuliza usiku wake aliupitisha na nani. Kuuliza kungekuwa kumpokonya marehemu watoto wake, naye hana tena fimbo ya kujitetea. Nilikua nikiwa na baba kama watoto wengine. Ni kwamba tu wangu alikuwa kwenye malisho ya mbali. Ndama walioitwa wake nilikuwa nikiwafukuza jioni mimi mwenyewe. Nilipolia bila sababu, bibi aliniambia, "Baba yako hapendi kelele," akisema kama mtu anayemsikia akikohoa chumba cha pili.

Lakini watoto husema. Binti wa baba mkubwa, aliyenizidi umri kidogo, aliniambia tukiwa kisimani, "Masikio yako ni ya Endasak."

"Yako ni ya punda," nikamwambia.

Tukapigana mpaka kibuyu chake kikapasuka, tukachapwa wote wawili kwa ajili ya kibuyu. Hakuna mtu mzima aliyeuliza ugomvi ulihusu nini. Nilidhani hawakujua. Baadaye nilianza kushuku kwamba walijua, na ndiyo sababu hawakuuliza. Tangu hapo, kila mavuno, mtu wa Endasak alipochuchumaa langoni na bakuli lake la maziwa, nilizunguka nyuma yake kumwangalia masikio. Yalikuwa masikio tu. Makubwa kidogo. Nilishika yangu, sikupata jibu.

Asubuhi ile ya mabuti hakuja na punda. Alikaa juu ya jiwe la kunolea visu, akavua kofia, akasema jambo lake polepole, kama mtu aliyelirudia njia nzima. Alikuwa ametoka Mbulu, kwenye ofisi za wilaya, kwenye mkutano wa askari wa zamani. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kuna fedha zilizotengwa kwa ajili ya watoto wa askari waliokwenda vitani. Aliyerudi mzima angeweza kumsomesha mtoto mmoja. Aliyekufa, mtoto wake angelipiwa ada mpaka amalize, na blanketi, na nguo za shule, na chakula.

"Na huyu hapa," alisema, akielekeza kidevu kwenye nyumba ya wanawake ambako nilikuwa nimechungulia kupitia ufa, "ana haki yake."

Baba mkubwa alitafuna kijiti chake. "Wanatoa?"

"Wanatoa."

"Na wanataka nini?"

"Hawataki kitu."

Hapo ndipo alipoharibu. Kama angesema wanataka ndama mmoja, au siku kadhaa za kutengeneza barabara, mambo yangeeleweka. Baba mkubwa alitema kijiti.

"Walimchukua baba mtu, hawakutaka kitu. Walisema ataona dunia, atarudi. Sasa wanamtaka mtoto, na bado hawataki kitu. Hawa watu wana haya kweli, hawapendi kusema wanachokitaka."

Bibi alisema kutoka ndani, bila kutoka, "Mwulize yeye anataka nini."

Mtu wa Endasak aligeuza kofia yake mikononi. "Mimi, mama?"

"Wewe. Mwenye viatu."

"Nilimwahidi mwenzangu."

"Ulimwahidi lini? Ulisema alikufa mtoni, nawe hukuweza kumrudia."

Akavaa kofia yake. Nami nyuma ya ufa nililihifadhi swali lile, kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Siku zilizofuata boma zima lilikuwa na shauri moja. Wanaume walikaa kwenye pombe ya asali wakalizungumza. Mmoja alisema watoto wakiandikwa wataitwa vita ijayo kwa majina yao. Mwingine alikuwa amesikia kwamba msichana akisomeshwa na serikali, serikali ndiyo inayopokea mahari yake, na hilo liliwanyamazisha kwa muda mrefu kuliko vita. Huko Katesh, mama alipokwenda kuuza samli, alimwuliza mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyetoka Kondoa zamani na aliyesikia habari zote za barabarani. Mimi nilikuwa nimebeba kibuyu nyuma yake.

"Shikamoo, mzee. Ni kweli serikali inagawa fedha za shule?"

"Marahaba, mama. Tangazo lipo, nimelisikia." Alimimina samli kwenye kopo lake, akachungulia kama ina maji, kama alivyochungulia siku zote. "Lakini serikali kugawa! Mimi na umri huu nimeiona ikipokea tu. Mkono wa pili sijui kama inao."

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Sikusema uongo. Nimesema uangalie." Akanipa kipande cha sukari guru na kuniangalia. "Ndiye huyu? Mbona mdogo?"

Mama alinishika mkono tukaondoka kabla sijaweka sukari mdomoni. Neno lile, mdogo, lilitembea nasi njia yote.

Nilidhani mama hataki. Lakini jioni moja, akikamua, kichwa chake kimeegemea ubavu wa ng'ombe, alisema bila kunigeukia, "Nilimwuliza mjumbe wa chifu, Bama iko wapi. Alisema mbali. Nikamwuliza upande gani. Akanyoosha mkono kule jua linakozama. Mwingine nilimwuliza, akaonyesha linakochomoza." Maziwa yaliendelea kupiga ndani ya kibuyu. "Nataka mtu mmoja wa nyumba hii ajue ni upande gani. Wasiwe wananionyesha tu mikono."

Asubuhi alimwambia baba mkubwa kwamba tunakwenda Mbulu, na kwamba yeye kama shemeji na mkubwa wa boma afadhali aje asimame mwenyewe, kuliko mtu wa Endasak kusimama mahali pake. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomwinua.

Mtu wa Endasak alitungoja kwao njiani, mabuti yakiwa yamefungwa kwa kamba yakining'inia shingoni, asiyamalize kwa mwendo. Tulipanda kwa miguu mpaka kwenye nchi ya baridi. Baba mkubwa alitembea mbele, mtu wa Endasak nyuma kabisa, sisi katikati, na mdogo wangu mgongoni kwa mama. Hapana, nimekosea, mdogo wangu aliachwa kwa bibi, kwenye maziwa ya shangazi, maana nakumbuka mama akikamua matiti yake kwenye majani kila tuliposimama. Mara moja nilimwona mtu wa Endasak akigeuka kando asimwone, haraka, kama mtu aliyekwisha kuzoea kugeuka. Au kama mwenye adabu tu. Njia nzima nilipima hivyo kila alichofanya. Aliponibeba kuvuka kijito nilijifanya mzito.

Mbulu palinuka mikaratusi na moshi wa kuni mbichi. Kwenye baraza ya ofisi watu walikuwa wamejaa: wanaume wenye makoti ya jeshi yaliyopauka, wajane, watoto waliopakwa mafuta mpaka wakang'aa. Karibu nasi jamaa mmoja alikuwa anamfundisha mvulana.

"Baba yako nani?"

"Wewe."

"Siyo mimi, mjinga! Mimi mjomba. Baba yako ni yule aliyekufa. Sema tena."

"Yule aliyekufa."

"Jina, jina!"

Baba mkubwa alimtazama jamaa yule kwa dharau ya kweli kabisa. "Wanaazima watoto," alimwambia mama. "Ndiyo maana serikali haiwaamini watu. Sisi tutasema kweli, tutamaliza upesi."

Mtu wa Endasak, ambaye alikuwa ameinama anavaa mabuti, aliinua kichwa. "Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "huko ndani niache mimi niseme. Wewe itikia tu."

"Kwa nini?"

"Wana namna yao ya kuuliza."

"Na mimi nina namna yangu ya kujibu. Ni mtoto wa ndugu yangu, si wako."

Mtu wa Endasak aliendelea kufunga kamba. Kisha akaivuta kofia yake ikafunika masikio, lakini palikuwa na baridi.

Tuliitwa. Nyuma ya meza alikaa mzungu kijana mwenye pua iliyobambuka kwa jua, na kando yake karani aliyevaa tai. Mzungu alizungumza Kiswahili, cha polepole na kilichonyooka mno, lakini karani alirudia kila alichosema, kwa Kiswahili kilekile, kwa sauti kubwa zaidi.

"Mtoto huyu ni wa nani?" aliuliza mzungu.

"Mtoto huyu ni wa nani!" alisema karani.

"Wa ndugu yangu," alisema baba mkubwa. "Alikufa Bama. Huyu hapa alimwona."

Mtu wa Endasak alikaza magoti, akapiga saluti, akataja kikosi na mto. Mzungu alipekua karatasi zake, akakuta jina la baba mahali pake, akaweka alama. Kwa kitambo kidogo kila kitu kilikuwa chepesi. Kisha akanitazama.

"Njoo hapa. Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio."

Karani alinionyesha; ndivyo walivyopima umri wa watoto. Nilipitisha mkono wangu wa kulia juu ya utosi na kunyoosha vidole kutafuta sikio la kushoto. Vidole viliishia kwenye nywele. Nilijivuta, nikainamisha kichwa, nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu, kama vile hilo lingesaidia. Sikio lilikuwa pale na sikulifikia.

"Fungua mdomo."

Nilifungua. Mbele palikuwa na pengo. Meno ya utoto yalikuwa yameng'oka msimu wa mvua wa mwaka ule. Mzungu aliangalia pengo, akaangalia karatasi, akaangalia pengo.

"Vita imekwisha zamani," alisema, kwa upole. "Baba yake alikufa kabla haijaisha. Huyu amezaliwa lini?"

"Amezaliwa lini!"

"Baada ya hapo," alisema baba mkubwa.

"Baada ya baba yake kufa?"

"Ndiyo. Mvua mbili tatu baada ya hapo."

Karani alisahau kurudia. Mtu wa Endasak alisema haraka, "Bwana, mzee hajaelewa swali."

"Nimelielewa vizuri," alisema baba mkubwa, naye alikuwa amelielewa. Alisogea mezani. Aliona kwamba kijana huyu ana shaka, naye alitaka kumwondolea shaka kwa ushahidi wote aliokuwa nao, kama mtu muungwana. "Usifikiri ndugu yangu aliacha mtoto mmoja tu. Ana mwingine nyumbani, wa kiume, bado ananyonya. Nyumba ya ndugu yangu haijazimika. Ungetaka, tungemleta naye."

Karani alicheka mpaka akashika tai yake. "Ee bwana! Hawa Wamang'ati! Marehemu yuko kaburini Bama anazaa kila msimu! Hata mimi niliye hai sijaweza!"

"Nyamaza," mzungu alimwambia. Lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Alilaza kalamu mezani. "Mzee, tangu asubuhi nimeletewa watoto wa kuazima. Hao angalau wanajificha. Wewe unasimama mbele yangu na kuniambia waziwazi. Fedha hizi ni za watoto wa waliokufa. Kumwibia mtu aliyekufa ni vibaya sana."

Baba mkubwa alimtazama kwanza bila kuelewa, kisha akaelewa, na sikuwahi kumwona mtu mzima akiumia hivyo. "Mimi ndiye ninayemwibia? Mimi ninayemchungia ng'ombe wake? Wewe ndiye unayetaka kumwambia kwamba hana watoto!"

"Baba wa mtoto ni nani? Mtu aliye hai."

"Hakuna."

"Basi mpelekeni nyumbani. Mwingine!"

Tarishi aliyekuwa mlangoni akaanza kuita nje. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama kando ya ukuta na vazi lake la ngozi, na maziwa yalikuwa yamemlowesha kifuani, na alikuwa anaangalia ramani iliyotundikwa nyuma ya kichwa cha mzungu, kubwa, yenye rangi rangi, bila kujua kwamba ni ramani.

Ndipo mabuti yakagonga sakafu.

"Bwana," alisema mtu wa Endasak, mkono kwenye paji la uso. "Aliyerudi mzima ana nafasi ya mtoto mmoja. Nafasi yangu sijaitumia. Niandike mimi. Mtoto huyu ni wangu."

Nimekwisha kuandika mambo mengi ya kubuni, na kimya cha chumba kile sijaweza kukibuni popote. Karani hakucheka. Mtu wa Endasak alitazama mbele, ukutani, kama askari anavyotazama akiwa amesimama wima, na shavu lake lilikuwa linachezacheza. Nilitafuta uso wangu katika uso ule. Niliyaona magunia yote ya mahindi yamepangwa langoni, mwaka juu ya mwaka, na nikawaza: hivi ndivyo alivyokuwa akinilipia? Au ndiyo kwanza leo amekuja kuninunua, na mahindi yalikuwa ya rafiki yake tu, na huruma? Mtu anayesema uongo hukaza uso hivyo. Anayesema kweli mbele ya watu kwa mara ya kwanza hukaza vilevile.

"Ulitoa ng'ombe gani?" baba mkubwa alimwuliza, taratibu.

"Mzee, ni kwa ajili ya shule tu."

"Sikuulizi shule. Ulitoa ng'ombe gani katika boma letu? Dume? Mtamba? Hata mbuzi ulitoa?" Akamgeukia mama. "Shemeji, sikiliza vizuri kabla hujafungua mdomo. Ukisema ndiyo, huyu si wa ndugu yangu. Na kama huyu si wake, basi yule uliyemwacha anyonyeshwe na shangazi yake si wake pia. Na ng'ombe wa nyumba yako wanamngoja nani?"

Alichukua fimbo yake akatoka. Hakuwa na haja ya kusikia jibu. Alikuwa amekwisha kuliwekea bei.

Mzungu aliwatazama wale wawili waliobaki. Nadhani alikuwa mtu mwema. Nadhani pia alitaka tumalize, maana nje kelele zilikuwa zinaongezeka.

"Mama," alisema, "askari huyu anasema mtoto ni wake. Wewe ukikubali, ninamwandika sasa, na leo hii atalala shuleni. Ukikataa, siwezi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama?" alisema karani, safari hii polepole.

Mama aliondoa macho kwenye ramani. Alimtazama mtu wa Endasak usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamtazama kwa muda mrefu, mpaka yule mtu akashusha mkono wake wa saluti bila kuamriwa. Sijui aliona nini. Kulikuwa na hasira katika macho yale. Kulikuwa na kitu kingine pia, na nilikuwa mdogo mno kukipatia jina, na nilipokua nikapata majina mengi mno.

"Kalamu ni yako, bwana," alisema. "Andika unavyotaka wewe. Huyu ni mtoto wa mume wangu."

"Sijaelewa. Ni ndiyo au ni hapana?"

"Nimesema uandike."

"Lakini ni ndiyo?"

"Wewe umeuliza, mimi nimejibu. Mtoto ni wa nyumba yetu, na likizo atarudi kwetu. Huko shuleni mwiteni mnavyojua kuita."

Mzungu alimtazama karani. Karani, ambaye tangu tuingie alikuwa na la kusema kwa kila neno, aliinua mabega. Mzungu akachukua kalamu, akaandika, na mtu wa Endasak akaombwa aweke dole gumba. Alipoinama mezani alilikandamiza kwa nguvu hata wino ukachafua kiganja.

Shuleni, kwa miaka yote niliyokuwa pale, waliniita kwa jina lake, nami nilichelewa kuitika mpaka walimu wakadhani nina kiburi. Nyumbani nilikuwa binti wa baba yangu. Mdogo wangu alikua na ng'ombe wake, na hakuna aliyethubutu kuwagusa, kwa kuwa mama hakuwahi kusema ndiyo. Nilipokuwa mkubwa nilikwenda Endasak, nikakaa na yule mzee barazani kwake, nikamwuliza swali lenyewe, kwa adabu, nikiwa nimepiga magoti. Yeye akaniuliza kama muhula wangu wa kwanza ada ililetwa kwa wakati.

Lakini siku ile nilijua tu kwamba ninaachwa. Mama alinisogelea, akashika mkono wangu wa kulia, ule ulioshindwa kulifikia sikio, akaufungua. Akatemea mate kiganjani mwangu, mara moja, kwa wepesi, kama wanavyobariki kwetu, na karani akageuza uso kwa kichefuchefu. Mama akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja mpaka ngumi ikafungika. Hakumuaga mzungu. Kwa mtu wa Endasak alipita karibu sana, vazi lake la ngozi likagusa mabuti yake, na hakusimama.

Tarishi alimpisha. Mama akatoka kwenye mwanga wa baraza, na tarishi akaurudisha mlango nyuma yake.